Kanga za Lubaina zina wasomaji Unguja

Ufukweni Kendwa, kaskazini ya Unguja, picha huuzwa kama nguo. Zimetundikwa kwenye kamba na fito kando ya njia ya mchanga: Wamasai warefu wembamba wenye shuka nyekundu, jahazi lililotanda tanga jeupe, mlango wa Mji Mkongwe wenye njumu za shaba, mbuyu mweusi mbele ya jua linalozama. Mtalii akishapatana bei, pini zinang'olewa moja moja, kitambaa kinatoka kwenye fremu ya mbao, kinaviringishwa na kutiwa kwenye bomba la karatasi ngumu ili kiingie begini. Fremu inabaki. Jioni hiyo hiyo huenda ikapigiliwa kitambaa kingine na akachorwa Mmasai yule yule. Hatua chache kutoka hapo zinapepea kanga, nazo zikingoja wageni ambao watazitandika mchangani na kuzilalia, bila kujua kama zimeandikwa shukrani au tusi.

Katika biashara yote hiyo ni nadra kusikia jina la Lubaina Himid. Ajabu ni kwamba hakuna mchoraji aliyezaliwa kisiwani humu aliyepata heshima kubwa zaidi duniani, na kwamba sehemu ya kazi iliyompa heshima hiyo ameijenga juu ya kanga.

Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake, mwalimu, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi minne tu. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa msanifu wa vitambaa, akarudi naye London. Binti akakulia kati ya maduka makubwa ya nguo na makumbusho, akasomea usanifu wa majukwaa ya tamthilia huko Wimbledon na kuhitimu mwaka 1976, kisha akachukua shahada ya pili ya historia ya utamaduni katika Royal College of Art mwaka 1984. Majumba ya sanaa ya London wakati huo hayakuwa na nafasi kwa wanawake weusi, kwa hiyo aliitafuta mwenyewe. Mwaka 1983 aliandaa onyesho la wanawake watano weusi katika ukumbi wa Africa Centre. Mwaka 1985 akaandaa lingine, The Thin Black Line, likiwa na wasanii kumi na mmoja, katika taasisi ya ICA. Walichopewa humo ni ujia. Picha zikatundikwa ukutani huku watu wakipita kwenda wanakokwenda.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 kutoka kwenye ujia ule hadi usiku wa tarehe 5 Desemba 2017, mjini Hull, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, na kukabidhiwa pauni 25,000. Alikuwa na miaka 63. Hadi mwaka uliotangulia, mtu aliyefikisha miaka 50 hakuruhusiwa hata kushindania tuzo hiyo, na tangu ilipoanzishwa mwaka 1984 haikuwahi kwenda kwa mwanamke mweusi. Baadaye yakafuata onyesho kubwa Tate Modern mwishoni mwa 2021, Tuzo ya Maria Lassnig mwaka 2023, na uteuzi wa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya sanaa ya Venice ya mwaka 2026.

Habari kama hizi zikifika Zanzibar huwa zina mapokezi yake. Abdulrazak Gurnah alipotangazwa kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwezi Oktoba 2021, watu walibishana kwa siku kadhaa kama ni Mzanzibari, Mtanzania au Mwingereza, na wengi wa waliobishana hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa riwaya zake. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, ana makumbusho yake Shangani tangu mwaka 2019, na foleni ya wageni mlangoni, ingawa huwezi kusikia Unguja katika nyimbo zake hata ukitega sikio vipi. Ubishi wa nani ni wetu na nani si wetu unachosha, na kwa Himid hauna maana kabisa. Ameondoka akiwa mchanga wa kubebwa, amelelewa na kusomeshwa Uingereza, anaishi Preston, amefundisha katika chuo kikuu cha huko kwa miaka mingi. Uingereza inaweza kumdai na ushahidi inao.

Lililo na maana ni jambo jingine: nani anaweza kuisoma kazi yake? Hapo Unguja ina haki ambayo London haina.

Himid alirudi Unguja mwishoni mwa miaka ya 1990, na kutokana na safari hiyo akachora mfululizo alioupa jina la Zanzibar. Anayetarajia kuona minara na majahazi hatayaona. Ni vitambaa viwili viwili vilivyowekwa pamoja, vyenye miraba na mistari, rangi ikitiririka kama mvua au machozi, kitu kama dirisha la mbao, kitu kama chandarua. Chandarua, katika familia ambayo baba aliuawa na mbu, hakihitaji maelezo. Moja ya picha hizo, ya mwaka 1999, jina lake linasema kuwa machozi ya wanawake yanaijaza bahari. Kwa mtu aliyezoea picha za Kendwa, hii ni Zanzibar iliyofungwa macho. Haina kitu cha kumuuzia mgeni.

Halafu zikaja kanga. Kati ya mwaka 2011 na 2012 alichora mfululizo unaojifanya kuwa kurasa zilizopotea za daftari la sampuli za mfanyabiashara wa kanga. Mwaka 2018 akatengeneza bendera zenye muundo wa kanga, na waliofika kwenye onyesho lake Tate Modern walizikuta zimening'inia juu ya vichwa vyao tangu wanapoingia. Muundo ni ule ule anaoujua kila mtoto wa pwani: pindo pande nne, mji katikati, jina kwa chini. Katikati anaweza kuweka kiungo cha mwili mahali pa korosho au maua, na maneno aliyoyachagua yeye, mengine ya kwake, mengine ameyaazima kwa waandishi weusi waliomtangulia.

Wahakiki wa Ulaya wamezisifu. Wamezisifu kwa rangi, kwa ujasiri, kwa kuunganisha nguo ya Kiafrika na siasa. Sifa hizo ni za haki lakini zimeishia kizingitini, kwa sababu mhakiki wa London hajawahi kuletewa kanga na wifi yake na kukaa kitandani akijiuliza: hii ni zawadi au ni ujumbe? Hajawahi kumwona jirani akipita mbele ya baraza mara mbili, amejifunga "Hasidi hana sababu", akitembea polepole ili isomwe vizuri. Kanga ni barua isiyo na anwani. Mwenye kuivaa anaweza kukana, na mwenye kuisoma anajua kuwa imeandikiwa yeye. Sanaa ya namna hii inahitaji msomaji aliyefunzwa, na waliofunzwa wako Kendwa, Makunduchi, Kikwajuni na Mombasa.

Kuna la ndani zaidi. Kazi kubwa kuliko zote za Himid pengine ni ile ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money. Ni watu 100 waliokatwa kwenye mbao na kupakwa rangi, kila mmoja na kimo cha mtu mzima, wamesimama sakafuni ili mtazamaji apite katikati yao kama anayepita sokoni. Ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi katika majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafunza mbwa. Mgongoni mwa kila mmoja kuna karatasi ya hesabu yenye maelezo yake mafupi: jina lake la asili, jina alilopewa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kidogo alichobaki nacho cha kumfariji.

Mtu wa Liverpool akisimama mbele ya watu hao anaelezwa historia ya biashara ya Bahari ya Atlantiki. Mtu wa Unguja anaelezwa habari za mtaani kwake. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wasafiri Burton na Speke kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika kuanzia mwaka 1857, na baadaye akasafiri na Stanley, alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mdogo, akauzwa, akapelekwa India. Mubarak ni jina alilopewa, na Bombay ni jina la mji. Jina alilopewa na mama yake halikuingia katika vitabu vya wasafiri aliowavusha nusu ya bara. Wapo akina Mabruki na akina Baraka wasio na idadi ambao yaliwapata hayo hayo, na baadhi ya wajukuu zao wako Unguja hadi leo wakiwa hawapendi kuulizwa.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kuhusu burudani na siasa za Unguja katika miongo iliyofuata, ameonyesha kilichotokea kwenye miili ya watu. Mtumwa mwanamke alikuwa akivaa merikani, ile nguo ya pamba isiyo na rangi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi. Hakujichagulia. Alipopata uhuru, akahamia mtaa wa Ng'ambo na kushika senti zake mwenyewe, moja ya vitu vya kwanza alivyonunua ilikuwa kanga: nguo ya rangi, ya maua, inayobadilika kila ilipofika shehena mpya. Aliyekuwa akiitwa mtumwa wa fulani sasa alikuwa mwanamke mwenye doti yake. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, na mwanamke ambaye hakuwahi kuulizwa maoni yake akawa anatembea nayo kiunoni.

Basi mambo mawili ambayo Ulaya inayatazama kama mada mbili tofauti za Himid, yaani majina yaliyoibwa na nguo inayosema, yalikwisha kukutana Ng'ambo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukiwaweka wale watu 100 wa mbao chumba kimoja na zile bendera za kanga, mwanamke mzee wa Michenzani ataona uhusiano kabla mtu hajamfungulia kitabu cha maonyesho.

Wako wasanii wengine waliokimbilia kitambaa walipotaka kusema wao ni akina nani. Yinka Shonibare, aliyezaliwa London mwaka 1962 kwa wazazi Wayoruba na kukulia Lagos, amejenga jina kwa kutumia ankara, ambayo huku twaiita kitenge. Anaipenda hasa kwa sababu asili yake si safi: Waholanzi waliiga batiki ya Java, wakaichapa viwandani, ikaishia Afrika Magharibi na kuonekana ndiyo Uafrika wenyewe. Mwaka 2010 aliweka merikebu ya Nelson ndani ya chupa katikati ya uwanja wa Trafalgar, matanga yake yote yakiwa ya kitambaa hicho. Hoja yake inaishia kwenye ruwaza. Kanga nayo ina ukoo wa mchanganyiko huo huo, ilianza na leso za Kireno zilizoshonwa pamoja na ikachapwa India, Uholanzi, Uingereza na Japani kabla ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini kanga ina mdomo, na hilo linamdai mchoraji zaidi.

Na hapa Himid anastahili kulaumiwa kidogo. Maneno ya kanga zake ni ya Kiingereza. Ni maneno mazuri, yenye uchungu na mafumbo, lakini kanga ya Kiingereza haimchomi mtu. Kanga ya Mali ya Abdulla, chapa ya kampuni iliyoanza Mombasa mwaka 1887, inaweza kuharibu harusi kwa maneno matatu. Mchoraji aliyekulia mbali na lugha ana udhuru wake, bila shaka, ila udhuru huo ungeisha siku moja tu akikaa na wanawake wanaojua kutunga majina ya kanga.

Michael Armitage ameonyesha njia nyingine. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea uchoraji London. Alikutana na lubugo, gome la mutuba linalopondwa na Waganda mpaka likawa nguo, katika soko la watalii la Nairobi, likiuzwa kama vitambaa vya kuwekea vikombe mezani. Nguo waliyovishwa wafalme na maiti wa Buganda, iliyomo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, ilikuwa imeteremka hadi chini ya kikombe cha chai. Akaanza kuchora juu yake. Matundu na makovu ya gome yanabaki yakionekana katikati ya picha, na leo lubugo hilo liko katika makumbusho makubwa ya dunia. Jambo linaloihusu Kendwa ni alilofanya baadaye. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ambapo wachoraji wa Afrika Mashariki wanaonyeshwa, wanaandikwa, na vijana wanaingia kuwatazama.

Zanzibar imefanya hivyo kwa sanaa nyingine. Tamasha la filamu lipo tangu mwaka 1998, Sauti za Busara tangu 2004, chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002. Uchoraji, kwa sehemu kubwa, umeachiwa duka. Mtalii ndiye mwalimu na ndiye mtahini, na somo lake ni moja: chora kile nilichokiona kwenye kipeperushi. Si kosa la wachoraji wa ufukweni. Hata Edward Saidi Tingatinga, alipoanza mwaka 1968 kuchora wanyama kwenye mbao za hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli, alikuwa akiwauzia wageni wa Oysterbay, na mtindo uliobaki na jina lake baada ya kufa mwaka 1972 ni mtindo kamili. Kuuza hakumharibu mchoraji. Kinachomharibu ni kutoona kitu kingine kwa miaka 20.

Ukipendekeza kazi za Himid zionyeshwe Unguja, watu wenye akili watasema fedha za maonyesho zingejenga vyoo vya shule. Watasema pia kuwa kisiwa ambacho sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu hakiwezi kukabidhiwa picha za mamilioni zenye kudai bima, baridi na ukavu. Hoja ya pili ni nzito. Hewa ya Forodhani ina chumvi, unyevu unapanda kuta za chokaa, na mjuzi yeyote wa makumbusho atakataa kuleta mbao zilizopakwa rangi kabla ya kupata chumba kilicho tayari.

Lakini kanga haihitaji chumba. Imetengenezwa iloane na jasho na ianikwe juani. Himid akubali ruwaza kumi zichapwe kwa pamba ya kawaida, doti kwa doti, ziuzwe Darajani na Mchangani kwa bei ya kanga nyingine yoyote, bila kioo wala fremu. Kumi nyingine zichorwe na vijana wa Kendwa na Nungwi wanaochora Wamasai hivi sasa, kwa sharti moja tu: hakuna mnyama, hakuna jua linalozama. Majina yatungwe na wanawake wa mtaani kwa Kiswahili, Himid akiwa mmoja wao, na yasipite kwenye kamati ya kuyalainisha. Msimu mmoja wa Sikukuu ungetosha kuonyesha ipi imenunuliwa ikaisha na ipi imebaki rafuni, na hiyo ni hukumu ambayo Tate haijawahi kumpa msanii yeyote.

Upande wa vikao nao si mgumu. Maonyesho ya Venice ya 2026 yanafungwa mwezi Novemba, na banda la Uingereza huandaliwa na British Council, ambayo ina ofisi Dar es Salaam. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ambalo moja ya kazi zake ni kuwaendeleza wasanii. Inatakiwa barua ya ukurasa mmoja, itumwe kabla makasha hayajafungwa, na ioneshe kabisa ni nani atalipia pamba.